Damu ya punda ipelekwe wapi? Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Mwanza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na kwa wakuu wa idara za afya na mifugo katika halmashauri zetu zote, kuanzia jijini hadi visiwani Ukerewe.

Walionizidi umri, shikamooni. Wengine, ambao siku hizi naona ndio wengi, habari za kazi.

Mimi ni mtu wa maabara, mstaafu. Miaka 27 nimeinamia darubini kwenye zahanati na vituo vya afya, nikitafuta vijidudu vya malaria kwenye damu za watu. Nilipostaafu nilirudi Magu, karibu na Ziwa Viktoria, nikaanza kulima mpunga na kufuga. Nina ng'ombe sita, mbuzi ambao hesabu yao hubadilika kila panapokuwa na harusi, na punda watatu. Walikuwa wanne. Huyo wa nne ndiye aliyenishikisha kalamu.

Masika yaliyopita, majaruba yamefurika na vyura hawanyamazi usiku kucha, mjukuu wangu aliingia jikoni akasema, "Bibi, yule punda jike amelewa." Nikatoka na mwiko mkononi. Kweli alikuwa kama mlevi. Miguu ya nyuma ilikuwa inapishana, akapiga hatua mbili, akaegemea miti ya zizi. Mdomo wa chini ulikuwa unatetemeka, tetemeko dogo lisilokoma, kama la mtu anayesali kimoyomoyo. Hakuwa na kidonda. Maji aliyatazama tu. Jioni alilala na hakuinuka tena, akawa anapiga miguu hewani kama anayekimbia ndotoni. Siku ya tatu akafa.

Afisa mifugo alifika siku ya pili, kwa bodaboda niliyoilipia mimi, maana pikipiki ya ofisi ilikuwa imelala kwa kukosa tairi. Alisimama hatua tatu kutoka kwa mnyama akasema, "Hii ni pepopunda, mama." Sasa jamani, pepopunda naijua. Mnyama wa pepopunda hukakamaa kama ubao, taya hubana, mkia husimama, ukipiga kofi tu anashtuka mwili mzima. Wangu alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Nikamwambia, basi tuchukue damu, sirinji ninazo. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akaniuliza, "Mama, damu ya punda nikaipeleke wapi?"

Simlaumu kijana yule. Hana kisanduku cha barafu, hana chupa za kuwekea damu, na fomu aliyonionyesha ina ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku na mbwa. Punda hayumo. Tulimzika mnyama wetu kwenye shimo refu, nikawafukuza watoto wasimguse mdomo, kwa sababu mnyama anayeyumba na kutetemeka midomo anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa, na hicho hakina mchezo. Kilichomuua hakipo kwenye karatasi yoyote ya serikali. Swali la yule kijana lakini limebaki, na wa kulijibu ni ninyi.

Kuna virusi vinavyoenezwa na mbu ambavyo huweza kumyumbisha farasi, na ndugu yake punda, kwa namna ile ile. Vinaitwa virusi vya Nile Magharibi. Jina lisiwafanye mdhani ni vya mbali. Mwaka 1937 watafiti waliokuwa wakiisaka homa ya manjano walichukua damu ya mwanamke mmoja mwenye homa katika wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na virusi hivyo vikatambuliwa katika maabara yao ya Entebbe. Entebbe iko kwenye ziwa hili hili. Miaka kumi baadaye, 1947, watu wa maabara hiyo hiyo walikuta virusi vya Zika katika damu ya kima aliyewekwa kizimbani kwenye msitu wa Zika, jirani na hapo. Mwaka 1959 ikaibuka homa ya o'nyong-nyong kaskazini mwa Uganda, ikashuka ikizunguka ziwa hadi huku kwetu, ikalaza watu wapatao milioni 2 Afrika Mashariki kabla haijapoa. Wazee wa ukanda huu wanaokumbuka mwaka watu walipotembea wameinama kama vikongwe bado wapo. Jina lile ni la Kiacholi, la kulegea viungo. Na chikungunya, homa nyingine ya mbu, ni neno la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu, lililotoka kwenye mlipuko wa Newala wa 1952 na 1953.

Dunia nzima inatamka magonjwa haya kwa maneno ya bibi zetu. Nenda leo zahanati na homa: utapimwa malaria, usipokutwa nayo utaambiwa taifodi, ukibisha utaambiwa U.T.I.

Nisamehewe kuwapeleka darasani kidogo, nitakuwa mfupi. Makao ya virusi vya Nile Magharibi ni ndege. Mbu wa kuleksi, yule anayezaliana kwenye maji machafu ya mitaro na vyoo na kutuimbia sikioni usiku, humuuma ndege, kisha akaja kumuuma punda au mtu. Kwa punda na kwa mtu safari inaishia hapo. Virusi kwenye damu yetu huwa vichache mno kiasi kwamba mbu mwingine hawezi kuvichota na kuvipeleka mbele. Naomba kila mtendaji wa kijiji aisome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu najua kitakachotokea habari ikifika vibaya: watu watashika marungu. Punda hakuambukizi. Punda ameumwa na mbu yule yule aliyekuuma wewe, ila yeye hana chandarua.

Na hapo ndipo faida yake ilipo. Analala nje. Hapandi basi kwenda Dar es Salaam akarudi na homa ya huko. Anazunguka kati ya kisima, jaruba na zizi, mwaka mzima, akiumwa na mbu wa hapo hapo. Akiambukizwa, mwili wake unatengeneza kingamwili, yaani askari wa kupambana na virusi hivyo, na zinakaa damuni muda mrefu. Ukitaka kujua mbu wa kijiji fulani wamebeba nini, muulize punda wa kijiji hicho. La mgambo likilia lina jambo, na mgambo wetu anakula majani pale nje, hakuna anayemsikiliza.

Farasi ndiye aliyezoeleka kwa kazi hii huko kwa wenzetu. Mwanza farasi utamwona kwenye sinema. Mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, ni kati ya mambo yaliyofanya farasi wasiweze kushamiri sehemu nyingi za nchi hizi. Punda amevumilia yote. Tena anao binamu karibu sana, maana Serengeti inashuka hadi Ndabaka, jirani kabisa na Ghuba ya Speke, na pundamilia wanaumwa na mbu kama kawaida.

Morocco mwaka 1996 farasi na jamaa zake 94 waliugua, 42 wakafa, wakati binadamu aliyethibitishwa kuugua alikuwa mmoja. Huko wanyama ndio waliopaza sauti kwanza. New York mwaka 1999 ilikuwa kunguru. Walianguka mitaani, kisha ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx wakaanza kufa. Upande wa watu, wazee walikuwa wanalazwa na ugonjwa wa ubongo, na wakubwa wa afya walikwisha kuupa jina la ugonjwa mwingine. Daktari wa wanyama wa bustani ile, Tracey McNamara, alipasua ndege wake, akatazama ubongo, akaona kwamba maelezo ya madaktari wa watu hayaingiani na anachokiona. Ilichukua majuma kabla pande mbili hazijakubali kuwa zinazungumzia kitu kimoja. Watu 62 waliugua vibaya mwaka ule, 7 wakafa, na farasi wa Long Island nao waliugua. Hiyo ni New York, yenye maabara kila kona. Mimi na yule kijana wa bodaboda tulikuwa na sirinji na mwiko.

Sasa turudi Mwanza. Simama asubuhi mwaloni Kirumba uwatazame wale makorongo wenye vipara na mifuko shingoni wakigombea matumbo ya samaki. Yangeyange wamejaa kwenye majaruba hadi shamba linaonekana limefuliwa likaanikwa. Vuli ikianza, mbayuwayu na ndege wengine wa kuhama wanaingia kutoka Ulaya, wanakaa nasi miezi kadhaa, wanaondoka. Chini yao kuna mto Mirongo na mitaro iliyoziba kwa chupa za plastiki, mahali ambapo kuleksi hahitaji kuomba kibali cha ujenzi. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba na vyoo vya watu wa ufukweni. Ndege wapo, mbu wapo, punda yupo, mtu yupo. Wageni huwa wanakimbia yale mawingu ya wadudu wadogo yanayopanda ziwani kama moshi. Yale hayaumi. Anayeuma ni yule aliyezaliwa nyuma ya choo chako.

Katika kila watu watano wanaoambukizwa virusi hivi, wanne hivi hawasikii kitu. Anayesikia, wengi wao, ni homa, kichwa na mwili kuuma, akapona. Takriban mtu mmoja kati ya 150 ndiye anayefikwa na ugonjwa wa ubongo: kuchanganyikiwa, kupooza, mtukutiko, na wenye umri mkubwa ndio walio hatarini zaidi. Hakuna dawa yake maalumu. Chanjo ya farasi ipo, ya binadamu bado haijaidhinishwa. Mganga Mkuu, wewe hesabu hiyo unaielewa kuliko mimi. Ukimwona mmoja wodini, nyuma yake kuna mia na zaidi waliokwisha kuambukizwa. Ukingoja wodi ikuambie, umechelewa. Na wodi yenyewe haitakuambia, kwa sababu mtu mzima akichanganyikiwa na homa tunasema malaria imepanda kichwani, na mtoto akitukutika tunasema degedege.

Hapa lazima niungame. Katika daftari langu la maabara kulikuwa na safu moja tu ya maana: vijidudu vimeonekana, au havijaonekana. Siku ya masika nasoma slaidi 40, zilizo na vijidudu ni 12. Wale 28 waliobaki? Zamani walipewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Baadaye wakaanza kupewa antibayotiki. Mrija wa damu ya mtu mwenye homa ya nyuzi 39 ambaye hana malaria, mimi kwa mkono wangu niliutupa kwenye ndoo, mara maelfu. Nao ndio uliokuwa na habari. Kitaifa malaria kwa watoto wadogo imeshuka, kutoka kiasi cha asilimia 14 mwaka 2015 hadi karibu asilimia 8 mwaka 2022, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini homa hazijashuka kwa kiwango hicho hicho, muulizeni muuguzi yeyote wa mapokezi. Dar es Salaam mwaka 2019 ilipata wagonjwa wa dengi, kidingapopo kwa lugha ya kwetu, zaidi ya 6,000. Watu wengi kabla ya hapo waliamini homa ya mbu ni moja tu.

Ninachoomba ni kidogo. Mara mbili kwa mwaka, vuli ikimalizika na masika yakimalizika, wachukuliwe damu punda wa minadani na wa mialoni. Punda wa kila aina, ila hasa kihongwe, mtoto wa punda aliyepita miezi sita na hajafika miaka miwili. Punda mzee wa miaka 15 akikutwa na kingamwili anakuambia aliwahi kuambukizwa, basi, labda mwaka aliozaliwa mjukuu wangu. Aliye chini ya miezi sita anaweza kuwa na kingamwili alizonyonya kwa mama yake. Lakini kihongwe wa mwaka mmoja mwenye kingamwili amezipata mwenyewe, kwa mbu wa juzi. Huyo ndiye anayekuambia virusi viko hapa sasa.

Wataalamu watasema, na ni kweli, kwamba kipimo cha Elisa, kile cha kutafuta kingamwili, huweza kuchanganya virusi vya ukoo mmoja: Nile Magharibi, dengi, Zika na homa ya manjano ni ndugu wanaofanana sura. Ndiyo maana damu ikionyesha dalili inapelekwa kwenye kipimo cha pili cha kuthibitisha. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo Mwanza. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo Mwanza. Bugando iko pale kilimani. Kati ya mlango mmoja na mwingine ni nauli ya daladala, na Ofisi ya Waziri Mkuu ina dawati zima la Afya Moja kwa ajili ya kuwakalisha watu wa namna hii meza moja. Nimepiga hesabu ya sirinji, chupa, barafu na nauli za raundi moja. Haifiki gharama ya semina ya siku mbili hotelini, pamoja na posho na soda.

Upande wa watu, vituo vichache tu, vinne au vitano, vya ufukweni na vya kwenye majaruba, viruhusiwe kutunza damu za wenye homa wasio na malaria badala ya kuzimwaga kama nilivyomwaga mimi. Punda wa kijiji wakionyesha kitu, damu za kituo cha kijiji hicho zipimwe kwanza. Na neno punda liingie kwenye ile fomu. Hilo la fomu halihitaji hata bajeti, linahitaji mtu mwenye kompyuta.

Nina jambo jingine ambalo si la punda, ila nalo ni la mbu, na mvua ni ileile. Homa ya Bonde la Ufa. Hiyo ni tofauti, tena mbaya zaidi kwa wafugaji, kwa sababu ng'ombe, mbuzi na kondoo hawaishii kuugua tu: mbu huvichota virusi kwao, na mtu huvipata pia kwa kushika damu, kwa kuchinja, kwa kumsaidia mnyama anayetupa mimba. Mayai ya mbu wa edesi, ukoo mwingine wa mbu, yanaweza kulala kwenye udongo mkavu miaka, yakingoja mafuriko. Mwaka 2007 ilifika mikoa 10 ya nchi hii na zaidi ya watu 140 walifariki. Zizi zima likitupa mimba kwa wiki moja, mfugaji huwa anafikiria husuda ya jirani. Afisa mifugo naye anachanja ugonjwa ukiwa umeshaingia, kwa sindano moja kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, na hivyo kuusambaza yeye mwenyewe. Chanjo ni ya kabla ya mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua za juu ya wastani, tangazo hilo lisiishie redioni kwa wakulima, lifike stoo ya chanjo.

Juu ya vyandarua sina ugomvi, viendelee kugawiwa. Ila kijana anayevua dagaa usiku kucha ziwani halali kwenye chandarua, na edesi anauma mchana mchuuzi akiwa sokoni. Wao mnawahesabu wapi?

Mwaka 2024 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Nilishangilia, kwa kuwa kwetu punda ndiye bomba la maji, ndiye ambulensi, ndiye lori la mpunga. Mama mjamzito wa kitongoji cha jirani alifikishwa barabarani kwa mkokoteni wa yule punda wangu aliyekufa, miezi mitatu kabla ya kufa kwake.

Siombi jibu la barua. Naomba mje. Nimeongea na wenzangu saba wenye punda, wamekubali wanyama wao watolewe damu bila malipo, mradi waelezwe majibu yakitoka, kwa sababu wamechoka kuchukuliwa vitu na watu wasiorudi. Wangu watatu waanze wao. Dume kubwa linapiga mateke upande wa kushoto, basi simameni kulia. Mshipa wa shingo unaonekana vizuri alfajiri, kabla hawajakwenda majini. Barafu msihangaike nayo, nitanunua mwenyewe kwa wauza samaki.

Ni mimi,
Mtu wa maabara mstaafu, Magu.